Barua Inayongoja Saa Yake

Somo la Klabu ya Kompyuta, limeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Bweni la Mawenzi

Mwalimu wetu wa Klabu ya Kompyuta ameniomba niandike katika gazeti la muhula huu habari ya jambo ambalo wengi wetu tumepita karibu nalo bila kulitia maanani. Jambo hilo ni kuandika barua pepe leo na kuiamuru iondoke siku nyingine na saa nyingine, hali mwenyewe umelala, au uko darasani, au uko safarini. Kutenda kwenyewe ni rahisi. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza kufundishwa kwa dakika tano. Lakini ndani yake mna mambo ya saa na ya tarehe ambayo mtu akiyapuuza aweza kukosa kazi, au nafasi ya masomo, au mgeni aliyekwisha kubali kuja. Nimeyaona hayo mtaani kwetu Soweto, hapa hapa Moshi, ambako dada yangu ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, nami wakati wa likizo humsaidia kazi. Kwa hiyo mifano yangu mingi yatoka kibandani huko, na majina ya watu nimeyaacha.

Yafaa tuanze na barua pepe yenyewe. Barua pepe ya kwanza kupita kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilitumwa mwaka 1971 na mhandisi wa Marekani aitwaye Ray Tomlinson. Kompyuta zake mbili zilikuwa zimekaa karibu karibu katika jengo moja, hata angaliweza kutembea na kuusoma ujumbe kwa macho yake, lakini ujumbe wenyewe ulisafiri kwa mtandao. Ndiye aliyechagua ile alama ya @ ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Jon Postel, aliandika kanuni za namna kompyuta mbili zinavyopelekeana barua: ipi ibishe hodi kwanza, anwani isomwe vipi, na barua ikikataliwa ifanywe nini. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho, lakini msingi wake ndio unaotumika hata leo.

Msomaji akumbuke neno moja, nalo ni seva. Seva ni kompyuta isiyolala, ambayo kazi yake ni kupokea na kupeleka, mfano wa ofisi ya posta. Ukiwa Soweto ukabonyeza neno la kutuma, barua yako haiendi moja kwa moja kwa rafiki yako. Huenda kwanza kwenye seva yako, nayo huitafuta seva ya rafiki yako na kuikabidhi barua, kisha barua hukaa katika sanduku lake mpaka atakapokuja kulifungua. Sisi Watanzania hatuna shida ya kuelewa jambo hili, maana posta yetu kwa desturi haileti barua mlangoni. Barua huwekwa katika sanduku lenye namba, na mwenye ufunguo huifuata. Hata shule yetu ina sanduku lake mjini, na kila mwanafunzi wa bweni ajua maana ya kumwona mtu akirudi kutoka posta na bahasha mkononi.

Basi barua kungoja si jambo jipya. Jipya ni kwamba sasa barua yaweza kungoja upande wa mwandishi, kabla haijaondoka. Zamani jambo hilo lilihitaji mtu. Mzazi aliandika barua, akampa dereva wa basi au jirani anayesafiri, akamwagiza: "Mpe mwanangu siku ya mtihani, si kabla." Jirani mwema alishika maagizo. Jirani msahaulifu alikaa na barua mfukoni mpaka ikafuliwa pamoja na suruali. Kompyuta ni jirani asiyesahau, lakini pia ni jirani asiyefikiri, na hapo ndipo penye somo.

Programu ya Outlook, inayotumika sana maofisini, imekuwa na njia ya kuchelewesha barua kwa miaka mingi. Mwaka 2007 wahandisi wa mtandao waliandika kanuni rasmi ya kuiwezesha seva kushika barua mpaka saa iliyotajwa. Gmail, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2004, iliwapa watu wake njia hiyo siku ilipotimiza miaka 15, yaani tarehe 1 Aprili 2019. Kwa kuwa wengi wetu twatumia Gmail, nitaeleza hiyo. Andika barua yako mpaka mwisho. Usibonyeze neno la kutuma, bali bonyeza kimshale kidogo kilicho ubavuni mwake. Katika simu, bonyeza zile nukta tatu zilizo juu. Utaona neno lenye maana ya kupangia saa. Chagua tarehe, chagua saa, thibitisha. Barua itaingia katika fungu la barua zilizopangiwa saa, na huko waweza kuwa nazo hadi 100 kwa wakati mmoja. Ukibadili nia kabla ya saa kufika, ifungue, ifute amri, nayo itarudi kuwa rasimu. Saa ikiisha kufika, imekwenda, kama ile iliyotumbukia katika tundu la sanduku la posta.

Sasa swali la kwanza analopaswa kujiuliza mtu ni hili: barua yangu inangoja wapi? Katika Gmail hungoja kwenye seva. Waweza kuzima kompyuta, umeme waweza kukatika Moshi nzima, simu yako yaweza kuanguka mfereji wa maji, barua itaondoka tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa taabu kubwa Tanzania na kwa jirani zetu. Watu waliokuja kibandani siku zile walikaa mbele ya kompyuta wakitazama duara likizunguka. Lakini barua ya Gmail iliyokuwa imepangiwa saa tangu juzi yake, na ambayo ilikuwa inakwenda kwa mtu wa Ulaya, haikuhitaji waya wetu tena, kwa sababu ilikwisha kuvuka.

Si kila programu iko hivyo. Katika Outlook ya zamani, ikiwa anwani yako haikuunganishwa na seva ya ofisi ya aina fulani, barua hungoja ndani ya kompyuta yako yenyewe. Kompyuta ikiwa imezimwa saa ile, au programu imefungwa, barua hukaa palepale mpaka itakapofunguliwa tena. Sisi wa bweni yatupasa kulijua hili zaidi ya wengine. Chumba chetu cha kompyuta hufungwa saa kumi na mbili jioni, na mwalimu wa zamu huzima swichi kubwa ya ukutani. Barua iliyopangiwa saa mbili usiku katika kompyuta iliyozimwa italala humo pamoja na vumbi mpaka siku chumba kitakapofunguliwa. Kabla ya kuitumaini programu yoyote, ijaribu kwa kujitumia mwenyewe barua: ipangie saa, zima kompyuta, kisha tazama kwa kompyuta nyingine kama imefika.

Jambo jingine dogo: saa unayoipanga ni saa ya kuondoka, si saa ya kufika. Mara nyingi barua pepe hufika mara ile ile, na dakika chache zaidi si ajabu. Lakini seva ya upande wa pili ikiwa na hitilafu, seva yako hubisha hodi tena na tena, kwa desturi hata siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa na kukurudishia habari. Kwa hiyo asipange mtu barua ya mwisho wa maombi iondoke dakika moja kabla ya mlango kufungwa, kama vile asivyofika stendi ya Moshi dakika ile basi la Dar es Salaam linapong'oa gari.

Nimefika sasa kwenye jambo lenyewe lililonifanya nikubali kuandika, nalo ni saa ya Kiswahili.

Kompyuta huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi twahesabu kuanzia kuchwa na kucha. Hesabu yetu si ya kijinga hata kidogo. Moshi iko digrii tatu na kitu tu kusini ya ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi katika mwaka haifiki nusu saa. Jua letu huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, Januari hata Desemba. Mtu mwenye jua aminifu namna hiyo ana haki ya kuanza kuhesabu saa zake hapo. Watu wa London hawawezi, maana jua lao la Juni huamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na la Desemba hulala mpaka saa mbili asubuhi imepita, kwa hesabu ya saa za ukutani kwao zikisomwa Kiswahili. Kwa hiyo sitaki msomaji adhani nasema tuache saa yetu. Nasema tujue kuitafsiri.

Kijana mmoja alikuja kibandani likizo iliyopita akitaka kuomba kazi katika ofisi moja. Maombi yalikuwa yafungwe siku ile saa sita usiku. Barua alikuwa nayo tayari, lakini cheti kimoja alikuwa akikingojea kutoka kwa ndugu yake, ambaye alimwahidi kukipeleka mwenyewe ofisini jioni. Akasema: "Dada, nipangie iende saa mbili usiku, cheti kikiwa kimekwisha fika." Dada yangu alikuwa na wateja wengine watatu, akamwachia kompyuta ajazie saa mwenyewe. Akaandika 2:00, na kompyuta ikamwuliza, kabla ya adhuhuri au baada? Akaona neno la usiku ni usiku tu, akachagua la kwanza. Akalipa, akaenda zake kwa furaha. Barua iliondoka saa nane usiku, yaani saa mbili baada ya mlango kufungwa. Cheti kilifika bila barua, na barua ikafika bila mlango. Mtu huyo aliandika vizuri, na alikuwa na sifa walizozitaka. Alichokosa ni hesabu ya kujumlisha.

Kanuni yake ni hii, nami nimeifundisha kwa wateja wazee wakaishika bila kalamu. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa tatu asubuhi ni 9:00. Saa nane mchana ni 14:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Saa za usiku, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ongeza 18. Saa mbili usiku ni 20:00. Saa tano usiku ni 23:00. Jibu likifika 24 au kupita, ondoa 24, na ujue kwamba umekwisha ingia tarehe nyingine. Saa nane usiku: 8 na 18 ni 26, ondoa 24, ni 2:00, na tarehe imegeuka. Saa kumi na moja alfajiri: 11 na 18 ni 29, ondoa 24, ni 5:00. Kanuni hii yataka kompyuta iwekwe kwenye saa 24. Ikiwa yaonyesha 12 tu pamoja na alama za kabla na baada ya adhuhuri, badilisha mpangilio wake kwanza, maana alama hizo ndizo zilizomwangusha yule kijana.

Hiyo habari ya tarehe kugeuka ni mtego mwingine, na wazee wa pwani watanielewa upesi kuliko vijana. Kwa hesabu ya kale ya Waswahili, kama ilivyo kwa Waislamu, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wengine, hasa sisi wa bara, tukisema usiku wa Ijumaa twafikiri ule unaofuata. Ndiyo sababu redio na magazeti husema "usiku wa kuamkia Jumamosi", na hapo hapana mabishano. Kompyuta haijui hesabu ya kale wala ya bara. Kwake siku hukatika saa sita usiku kamili. Mteja akisema "Ijumaa saa saba usiku", dada yangu sasa humwuliza: "Kuamkia siku gani, Baba?" Akijibu kuamkia Jumamosi, huandikwa Jumamosi 1:00. Swali hilo moja lina faida kuliko mashine yote.

Kuna na jambo moja la kufurahisha niliokuta wakati nafanya hesabu hizi. Kilimanjaro huuza kahawa Japani, na huko kahawa ya Tanzania hujulikana madukani kwa jina la mlima wetu. Saa ya Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6 mwaka mzima, kwa kuwa Japani hawabadilishi saa zao. Nasi tofauti kati ya saa ya Kiswahili na ya kompyuta ni 6. Maana yake ni kwamba saa ya Kiswahili ya Soweto na saa ya ukutani ya Tokyo husoma namba ile ile siku zote! Sisi tukisema saa tatu asubuhi, Mjapani atazamaye ukutani aona 3 ya alasiri. Akifungua ofisi yake saa 9 asubuhi, kwetu ni saa tisa usiku. Karani wa kahawa anayetaka barua yake iwe ya kwanza mezani Tokyo haifai aamke saa tisa usiku. Aipangie 3:00 kabla ya kwenda kulala, akikumbuka kwamba ni 3:00 ya tarehe inayofuata.

Nchi nyingine hazina usahihi huo. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 wakati wa kiangazi chao, kwa sababu husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ujerumani wako nyuma kwa saa 2, kisha 1, na hubadili siku zile zile. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Chicago, basi, iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wa baridi na 8 wakati wa kiangazi. Msomaji aone kwamba kuna majuma mawili au matatu mwezi wa Machi ambapo Mmarekani amekwisha kusogeza na Mwingereza bado. Tanzania hatusogezi kitu, nami naona ni neema.

Tena tazama kompyuta unayotumia inaamini iko wapi. Gmail hushika saa za mahali ambako kompyuta yako yasema iko ulipopanga. Kompyuta nyingi kuukuu zinazouzwa huku zilitumika kwanza ng'ambo, na nyingine bado zimepangwa kwa saa za Marekani. Katika kompyuta ya namna hiyo ukiandika 8:00, barua yako haitaondoka saa mbili asubuhi ya Moshi. Kabla ya kupanga lolote, linganisha saa ya kompyuta na saa ya ukutani. Zikipishana, rekebisha kwanza, uchague Nairobi au Dar es Salaam, kwa kuwa miji hiyo miwili hutumia saa moja.

Sasa niseme habari ya baba yangu mdogo, ambaye ni mwongoza watalii. Yeye hupanda njia ya Machame, siku sita au saba mpaka kileleni Uhuru, mita 5,895, na kushuka kwa Mweka. Ni kweli kwamba Agosti 2022 shirika la TTCL liliwasha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, lakini Horombo iko njia ya Marangu. Hata penye mtandao, baridi huua betri ya simu, na mtu anayewaangalia wageni wanane wenye kuumwa kichwa hana nafasi ya kuandika barua. Wakati huo huo wageni wa juma lijalo wanataka kujua walete nguo gani na nani atawapokea uwanja wa KIA. Mgeni asiyejibiwa siku tatu hutafuta mwongozaji mwingine. Hivyo ndivyo ada za shule zinavyopotea.

Kwa hiyo jioni kabla ya kupanda, baba mdogo huja kibandani, nasi humwandikia barua tatu au nne. Moja iende Jumatatu kueleza nguo na viatu. Nyingine iende Jumatano kukumbusha pasi na viza. Nyingine siku moja kabla ya ndege, kusema nani atasimama mlangoni na bango lenye jina. Kila moja hupangiwa saa ambayo mgeni yuko macho kwao. Njia hii ilimpatia sifa, hata mgeni mmoja alimwandikia kumshukuru kwa kumkumbuka akiwa juu ya mawingu.

Lakini safari moja wageni wawili walibadili ndege. Waliandika Jumanne kwamba watafika Jumamosi badala ya Ijumaa. Baba mdogo alikuwa kambi ya Barranco, hakujua. Siku ya Alhamisi barua iliyopangwa ikaondoka kwa adabu zote: "Tutawapokea kesho saa mbili usiku." Wageni wakashtuka, wakadhani barua yao haikusomwa au imekataliwa, wakaandika tena mara mbili, kisha wakanunua gari la kampuni nyingine ya mjini. Aliposhuka Mweka amechoka akazikuta barua hizo zote kwa mpigo. Safari yenyewe haikupotea, kwa kuwa aliwapigia simu mara moja, lakini fedha ya gari ilikwenda kwa wengine, na dereva aliyekuwa ameahidiwa kazi alikaa bure.

Nilimwuliza: "Baba mdogo, sasa utaacha kupanga barua?"

Akasema: "Mwanangu, niache nile nini? Nitaandika vingine."

Tukakaa tukatafuta namna. Kumpa mtu mwingine neno la siri la sanduku lake hatukupenda, maana sanduku hilo lina habari za pasi za wageni. Tukaamua kila barua iliyopangwa ianze kwa kusema kweli: "Barua hii nimeiandika Ijumaa kabla ya kupanda mlima. Ikiwa mmebadili jambo lolote baada ya siku hiyo, fuateni barua yenu wenyewe, na kwa haraka pigeni namba hii." Namba ni ya dada kibandani, ambaye ana orodha ya wageni na siku zao katika daftari. Pia barua zinazotaja saa na mahali zimepunguzwa. Zile za nguo na viatu ndizo zilizobaki nyingi, kwa sababu koti la baridi halibadiliki kwa kubadili ndege. Tangu hapo hakuna mgeni aliyeshtuka.

Katika klabu yetu palitokea mabishano kama si udanganyifu kupanga barua ifike saa kumi na mbili asubuhi ili mkubwa wako adhani umeamka mapema. Wengine walisema ni kama kuacha taa inawaka bwenini na kwenda zako. Mimi naona ukipanga ili kumwokolea mwenzako usumbufu, ni adabu. Ukipanga ili akudhanie usivyo, ni uongo mdogo, na mtu atajua siku atakapokujibu saa hiyo hiyo ukose kuitika. Adabu yenyewe ina uzito. Ufaransa tangu tarehe 1 Januari 2017 sheria huzitaka kampuni kubwa kuzungumza na wafanyakazi wao juu ya haki ya kutofuatwa na barua za kazi nje ya saa za kazi, na Ureno walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2021. Mwalimu mkuu anayekumbuka jambo saa tano usiku hana haja ya kulisahau, wala ya kumwamsha mwalimu wa darasa. Aliandike wakati lipo kichwani, alipangie saa moja na nusu asubuhi. Wazazi nao wanaoandikia walimu usiku waweza kufanya vivyo hivyo. (Sisi wanafunzi wa bweni hatuna neno hapa, kwa kuwa simu hatuna.)

Wanaotaka kujipima wafanye hesabu hizi. Mtu wa Soweto ataka barua yake iondoke Jumatano saa tatu usiku: aandike siku gani na saa ngapi kwenye kompyuta ya saa 24? Mwingine ataka iondoke saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili: aandike nini? Barua ya tatu yatakiwa ifike London mwezi wa Julai, saa ya ukutani kwao ikiwa 9:30 asubuhi: kwetu itakuwa saa ngapi kwa Kiswahili? Ya nne ndiyo ngumu: tarehe 20 Machi barua mbili zatakiwa kufika, moja Chicago na moja London, kila moja ikute saa 8:00 asubuhi ya huko. Zipangiwe saa ngapi za Moshi? Majibu yamebandikwa mlangoni mwa chumba cha kompyuta.